Kijana wa Kizimbani, Mara ya Pili

Swahiba wangu,

Salamu zako zimenifika, nami ni mzima. Mengine nitakuandikia siku nyingine, maana leo nina deni la kulipa. Unakumbuka tulivyogombana juu ya Privilege, ile filamu ya Peter Watkins ya mwaka 1967? Wewe ulitoka umenyamaza kama mtu aliyetoka mazikoni. Mimi nikacheka njia nzima, nikimwigiza Paul Jones, aliyecheza mwimbaji Steven Shorter, na uso wake wa gogo. Wiki hii nimeitazama tena, mara mbili. Sikuombi radhi yote. Nusu tu.

Nianze na hilo gogo. Paul Jones alikuwa mwimbaji, si mwigizaji. Ndiyo kwanza alikuwa ameondoka bendi ya Manfred Mann mwaka 1966, na kila anapopewa sentensi ndefu ya kusema utamwonea huruma. Jean Shrimpton naye, mwanamitindo aliyetamba Uingereza nzima wakati ule, anayecheza mpenzi wake, ananong'ona mwanzo hadi mwisho utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili. Mapenzi yao hayashiki moto. Hilo nalisema bado, na usinibishie.

Lakini safari hii niliacha kumtazama Jones, nikawatazama mabwana wanaomsimamia Shorter. Hakuna hata mmoja mwenye sura ya mwovu. Wana adabu zao, wana utani wao, wanamwita kwa jina lake la utani. Kisha wanapanga atavaa nini, ataimba nini, atatubu lini, na mwenyewe Steven Shorter kakaa papo hapo katikati yao kama kiti. Hapo nikaona kitu ambacho ujana wangu haukuniruhusu kukiona. Angekuwepo mwigizaji hodari mwenye macho yanayosema, tungeng'ang'ania macho yake tukawasahau wale mabwana. Sidhani Watkins alilipanga. Pengine bahati ilimwangukia. Lakini limo.

Halafu kizimba. Mimi nilikikumbuka kama kituko cha jukwaani: kijana analetwa na askari akiwa amefungwa pingu, anatiwa kizimbani, anaimba akilia aachiwe huru, anapigwa virungu, na wasichana ukumbini wanapagawa. Nilichosahau ni kwamba onyesho lile lina kazi serikalini. Katika Uingereza hiyo ya kubuni, iliyowekwa miaka michache tu mbele, vyama vikuu vimeungana na kutawala pamoja, na vijana wanaachiwa wamalizie hasira zao kwa Shorter ili wasizipeleke kwenye siasa. Wanalia, wanapiga kelele, wanarudi nyumbani wamechoka. Nani atabaki na nguvu ya kuandamana?

Baadaye hasira hiyo inaonekana imekwisha faida. Wale wale waliomfunga pingu wanamvalisha toba, safari hii wakishirikiana na kanisa, na uwanja wa mpira Birmingham unajazwa watu wa kuapa kwamba watatii. Msalaba unawaka moto, wagonjwa wanasogezwa mbele waponywe, na wimbo wa kanisani unapigwa kwa gitaa za umeme. Mwamba ngoma, ngozi huvuta kwake. Hawa ngoma mbili zote ni zao, ya uasi na ya utii.

Ulisema siku ile kwamba hilo la kanisa ndilo lililokutisha, nami nikasema ni chumvi. Sasa nimetazama tarehe. Machi 1966 John Lennon alisema bendi yake, Beatles, wanapendwa kuliko Yesu, na baadaye mwaka huo huo rekodi zao zikachomwa moto Marekani. Juni 1966 mhubiri Billy Graham alikuwa akihubiri Earls Court, London, na mwimbaji Cliff Richard akapanda jukwaani kutangaza imani yake mbele ya maelfu. Watkins alianza kupiga picha za filamu yake miezi michache tu baadaye. Wengine waliona msanii na kanisa ni mahasimu. Yeye akauliza itakuwaje kanisa likiamua kumwajiri. Basi, chumvi haikuwa nyingi kama nilivyodai.

Na matufaha! Hapo bado tuko pamoja. Matufaha yamezidi sokoni, Shorter anatakiwa kuwashawishi Waingereza wayale, na mwongozaji wa tangazo anazungumzia tunda lile kana kwamba ndiye aliyeliumba. Ni dakika chache, lakini zina maarifa kuliko nusu saa ya uwanjani, kwa sababu pale tu ndipo Watkins anapotuachia tucheke wenyewe.

Kwingine kote Watkins hatuamini sisi watazamaji. Jambo tumeliona kwa macho, kisha msimulizi anakuja na sauti yake ya taarifa ya habari kutueleza tulichokiona. Mtindo huo wa kuigiza habari ulimfaa sana katika The War Game, filamu yake kuhusu shambulio la nyuklia, ambayo BBC ilikataa kuitangaza mwaka 1965, ikashinda Oscar, na haikuonekana kwenye televisheni ya Uingereza hadi 1985. Mtu aliyefanyiwa hivyo ana haki ya kuwa na hasira. Ila hasira yake imewamwagikia hata mashabiki. Kwake wao ni bahari ya nyuso zinazolia. Hatukai na msichana yeyote muda wa kutosha kujua anasikia nini katika wimbo ule. Anawalaumu wakubwa kwa kuwaona watu kama kundi la kondoo, halafu naye kamera yake inawaswaga vile vile. Hii ndiyo nusu ya radhi ninayokunyima.

Na wimbo wenyewe wa kizimbani ulimtoroka. Mwaka 1978 mwimbaji Patti Smith aliuimba katika albamu yake ya Easter, akauchanganya na Zaburi ya 23, na ukimsikiliza hutafikiri kabisa kuwa kuna meneja nyuma yake. Kile kilio cha kizimbani kilichotungwa kionekane cha bandia kikageuka kilio cha kweli mdomoni mwa mtu mwingine. Na Paul Jones, yule aliyetubishwa filamuni kwa mkataba, miaka ya 1980 aliokoka kwa hiari yake, na mmoja wa waliomwalika kwenye mkutano wa injili alikuwa Cliff Richard huyo huyo. Ningekuwa mtunzi nisingethubutu kuliandika.

Mwisho wake sikuucheka tena. Kijana anapewa tuzo, anasimama, anasema kwa shida kwamba anawachukia, na wale waliomlilia wanamgeuka usiku huo huo. Kinachobaki ni kipande cha filamu ya kumbukumbu: Shorter kwenye gari, anapunga mkono, umati unashangilia, na sauti imefutwa. Siku ile nilipiga mluzi kukijaza kimya hicho, nawe ukanikanyaga mguu.

Itazame tena nawe, ila safari hii wafuate wale mabwana wenye suti, umwache Shorter. Kisha niandikie uniambie kama kondoo bado unawaona kondoo.

Ni mimi,
Swahiba wako mbishi