Mgeni wa meli aachwe atembee, ila aoneshwe saa

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua maana kuna msomaji aliandika hapo akisema watalii wanaoshuka kwenye zile meli kubwa Dar na Zanzibar wasiruhusiwe kutoka getini wenyewe, eti kwa usalama wao, wakitoka watoke kwenye mabasi yaliyopangwa na meli basi. Mimi nakaa Ujiji, naendesha bajaji, meli za namna hiyo huku Ziwa Tanganyika hatuna, lakini hoja yenyewe imenifuata mpaka kijiweni kwetu kwa sababu na huku kuna watu wameanza kuimba wimbo huohuo, kwamba mgeni akifika Kigoma, awe kaja na treni, ndege au meli, asiguse daladala, apokelewe, apakiwe, azungushwe, arudishwe. Sikubali. Au niseme nakubali robo, na hiyo robo nitaifikia.

Mwaka juzi nilikwenda Zanzibar kumuuguza dada yangu, nikakaa wiki tatu kwa shemeji ambaye ana teksi yake anapaki nje ya bandari ya Malindi. Siku moja asubuhi meli ikaingia, aisee, ile siyo meli ni mtaa wetu mzima wa Mwanga, Kigoma, umewekwa juu ya maji. Watu wakaanza kushuka wamebandikwa vikaratasi vya namba kifuani, namba saba basi hili, namba kumi na mbili basi lile, muongozaji mbele ameinua kibao, wanamfuata kama watoto wa madrasa wanaenda ziara, mabasi yakajaa yakaondoka kuelekea mashamba ya viungo na sisi madereva tumesimama tunaangalia vumbi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa mwenyeji atapona vipi kama mgeni kapitishwa mbele yake ndani ya vioo vyeusi na hela yake kaiacha kulekule ndani ya meli?

Nyuma kabisa wakatoka wazee wawili, mtu na mkewe, kwa miguu, kofia kubwa, chupa ya maji mkononi. Papasi, wale vijana wanaowinda wageni, wakawavamia kama nzi, shemeji akawaokoa (yeye anasema aliwaokoa, mimi nasema aliwanyakua). Wakakubaliana bei ya siku nzima, yule mzee kajifunza Kiswahili kwenye kitabu na anakipenda kweli, akamwambia shemeji kwa madaha, "Tunarudi saa nne." Shemeji macho yakamng'aa. Wakati huo ni saa tatu na kitu asubuhi, kwa hiyo saa nne ni ya usiku si ndiyo, siku nzima hiyo, akasema basi twendeni Nungwi, kilomita kama sitini kaskazini huko, mle pweza muone jua likizama ndiyo turudi taratibu. Wazee wakafurahi, milango ikafungwa. Mimi nimekaa mbele kama tandiboi, nikamuuliza mzee kama ana karatasi ya meli maana nilishaona wengine wanazo, kila siku wanapewa, inaandikwa mwisho wa kurudi na namba ya wakala wa meli hapo bandarini. Akaitoa. Imeandikwa 16:30.

Nikamwambia shemeji hiyo ni saa kumi na nusu jioni, bwana. Mzungu akisema nne anahesabu kuanzia saa sita ya mchana, sisi tunahesabu kuanzia jua lilipochomoza. Shemeji akashika usukani akanyamaza kabisa. Wangekuwa Nungwi na pweza wao mdomoni, jua linazama vizuri, meli yao inapita mbele yao na taa zote zinawaka.

Nungwi ikafutwa. Tukapaki gari tukatembea kwa miguu, na huo ndiyo utalii niliouona mimi maana hata mimi nilikuwa mgeni. Darajani sokoni bibi akanunua kanga mbili, akataka kusomewa kila jina kabla hajalipa, mama muuzaji akapata darasa la bure la kucheka. Urojo walikula, mzee akaongeza. Kijana wa madafu akauza manne. Halafu tukaingia Mkunazini, lile kanisa lililojengwa kuanzia 1873 palepale palipokuwa soko la watumwa, mwaka uleule soko lilipofungwa. Hapo mimi nilisimama kimya kuliko wao. Sisi wa Ujiji tunajua wale watu walianzia wapi kutembea, misafara ilitoka kwetu hapa ziwani ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu na minyororo, wengine ndiyo wakavushwa bahari mpaka kwenye ule uwanja. Nikamueleza yule mzee kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba mwanzo wa hii njia ni nyumbani kwangu. Alikaa chini kwenye ngazi. Sidhani kama kwenye basi namba saba kuna mtu aliambiwa hivyo na mtu wa Ujiji.

Saa tisa na robo tuliwarudisha getini, na walituambia bei ambayo meli ilikuwa inatoza kwa kichwa kimoja kwa ile safari ya mabasi, siitaji hapa, shemeji aliguna tu.

Sasa nisionekane nimeegemea upande mmoja. Yule msomaji wenu ana hofu na hofu yake ina mfano. Mwezi Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliacha watu 8 kisiwani São Tomé, huko nje ya pwani ya magharibi ya Afrika, walikuwa wamechukua ziara ya kwao binafsi si ya meli, wakachelewa kurudi zaidi ya saa moja. Meli bado ilikuwa inaonekana imetia nanga, walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti mpaka karibu nayo, kepteni akakataa kuwapandisha. Pasipoti zao zikawa zimeachwa kwa wakala bandarini. Wakaanza kuikimbiza nchi kwa nchi kwa hela zao, walipotegemea kuidaka Banjul kule Gambia meli ikashindwa kuingia bandarini kwa sababu ya hali ya hewa na maji kujaa na kupwa, mpaka Dakar Senegal ndiyo wakapanda. Kanuni ndiyo hiyo na wala haijafichwa, ukienda na ziara iliyouzwa na meli yenyewe ikachelewa basi watakungoja au watakugharamia uwafuate bandari inayofuata, ukienda mwenyewe ukachelewa ni shauri yako. Na kuna bandari meli haifiki gatini, abiria wanashushwa kwa boti ndogo, hapo hata wa kwanza kushuka huwa ni wale walionunua ziara ya meli, kwa hiyo muda wako wa kutembea unakatwa kabla hujaanza. Tena kuna meli zinabaki na saa yake haifuati ya nchi, kwa hiyo saa ya mkononi inasema hivi na ya ukutani sokoni inasema vile.

Mimi hao watu 8 siwacheki. Ujanani nilishuka kwenye Liemba, meli yetu ya ziwani, pale Kipili, enzi hizo inatia nanga mbali mitumbwi inaifuata, nikamwambia mwenye mtumbwi nifikishe nchi kavu nimsalimie baba mdogo nigeuke nayo. Baba mdogo akasema huwezi kuondoka bila ugali. Sasa nani ataukataa ugali wa baba mdogo? Nikiwa na tonge la pili honi ikalia, la tatu ikalia tena, nafika ufukweni naona matako ya meli. Liemba hiyo ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande ikaletwa mpaka Kigoma ikaunganishwa, ikazamishwa 1916 kwenye vita, ikaibuliwa 1924 na ikarudi kazini 1927, chuma kilichongoja chini ya maji miaka yote hiyo lakini mimi kilishindwa kuningoja tonge mbili! Nikakaa karibu siku mbili mpaka iliporudi kutoka Mpulungu, na begi langu lilikuwa ndani limesafiri Zambia bila mimi.

Kwa hiyo robo yangu ni hii. Penye maji katikati, nunua safari iliyopangwa. Mtu akija Kigoma anataka sokwe wa Gombe simwambii ajitegemee hata kidogo. Barabara ya kufika Gombe hakuna, ni boti tu, na mitumbwi ya abiria inatoka Kibirizi mchana halafu kurudi inapita alfajiri, maana yake ukienda nayo utalala huko utake usitake. Mwenye siku moja akodi boti yake kupitia watu wanaojua, muongozaji wa hifadhini lazima hata hivyo, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 siyo la kujaribia upepo wa kusi kwa mtumbwi wa rafiki yake rafiki. Lipa, panda, vaa jaketi la kuelea, nyamaza.

Lakini Ujiji? Kutoka Kigoma mjini ni kilomita chache, daladala zipo asubuhi mpaka usiku, zinapita Mwanga kwenye soko, mgeni anashuka anatembea mpaka makumbusho pale kwenye miembe iliyotokana na ule mwembe ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake 1871. Kuna kampuni moja mjini wanamtoza mgeni kwa safari hiyo hela ambayo mimi naitafuta wiki nzima, na wanamshusha mlangoni, picha mbili, wanampakia, hajaonja samaki wetu mgebuka, hajaona mawese yanavyouzwa, dagaa walivyoanikwa hajui. Tena nikifikiria naona hata wale wawili walikuwa ndiyo mjadala wetu huu. Livingstone alikuwa anajitembelea na watumishi wake akina Susi na Chuma, kafika Ujiji hoi kakuta mizigo yake aliyoagiza imeshauzwa na aliyekabidhiwa. Stanley kaja na msafara uliopangwa, kila kitu kipo, na aliyelipa ni gazeti, Mhariri, sijui na nyie bajeti hiyo mnayo. Yule wa pakeji ndiye aliyemuokoa mwenzake, sawa, nimekubali. Ila baadaye walipozunguka pamoja kaskazini mwa ziwa kuangalia mto Ruzizi unaingia au unatoka, walikwenda kwa mtumbwi na watu wa hapahapa.

Ninachoomba hakihitaji sheria ya kumfungia mtu getini. Kila bandari, Malindi, Dar, na hapa Kigoma, kiwekwe kibao kwenye geti la kutokea. Saa mbili zichorwe, ya mgeni na ya Kiswahili, 16:30 chini yake saa kumi na nusu jioni. Nauli za sehemu tano sita zinazojulikana. Mwendo wa kwenda na kurudi kwa dakika. Namba ya polisi na ya wakala wa meli. Hapa kwetu fundi wa mabango yupo Mwanga, nimeshamuuliza, anasema ni kazi ya nusu siku mbao ikipatikana, rangi nyeupe ninayo iliyobaki kwenye bajaji, ya bluu ndiyo tunatafuta.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma