Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Matembezi ya Mji wa Kale wa Mombasa, usafi wa ufuo wa Mama Ngina na futari ya pamoja yote yalifanyika. Mliokuja mwajua.

Nije kwenye lililowatoa watu povu: dhahabu ya Mreno chini ya mbuyu. Machi mlitaka tutoe Sh 30,000 tukodi mashine ya kunasa vyuma. Nilikataa, na ningekataa tena leo. Tukatumia Sh 11,600 kwa viingilio vya Ngomeni (Fort Jesus), fotokopi na kahawa ya wazee. Kwa wanaonong'ona barazani: kahawa hiyo mimi nilikunywa vikombe viwili tu.

Hadithi yasema Wareno, usiku ngome ilipoanguka, walipita njia ya chini kwa chini wakafukia sanduku la dhahabu chini ya mbuyu, karibu na mnara wa taa. Lakini ngome ilizingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na nje ya kuta walikuwa Waomani. Maradhi yalikuwa yamewamaliza waliokuwa ndani, wamebaki wachache mno. Watu hao watabebaje dhahabu katikati ya adui, wachimbe, wafukie, wasionekane? Wengine mkasema ni shehena ya meli ya Kireno, Santo António de Tanná. Meli hiyo ilikuja kuinusuru ngome, ikazama 1697 papo hapo chini yake. Wazamiaji waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vyombo vyake vimo makumbusho. Siku ya ziara mlivipita mbio mkiwahi biriani.

Hata hivyo wapo waliokwenda mbuyuni usiku na sururu. Walirudi na kufuli lenye kutu na vifuniko vya soda. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 yakataza kuchimba mambo ya kale bila kibali, na jina ambalo lingeandikwa kituoni ni la mwenyekiti, si lao.

Wanachama tuko 46, waliolipa ada 19, sandukuni mna Sh 7,250. Kikao cha Agosti tulikuwa watano, mmoja wao mke wangu, aliyekuja kuniletea dawa.

Mwakani, inshallah, tutarekodi simulizi za wazee kabla hawajatutoka, na huenda tukapata chumba cha kukutania.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.