Filamu ya Jumamosi hii

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunatazama La Grande Illusion ya Jean Renoir, Ufaransa, 1937. Saa kumi jioni, pale pale pa siku zote. Maandishi ya Kiingereza yapo chini.

Ni Wafaransa waliotekwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mapigano hamtayaona. Mtakachoona ni watu wanaokula pamoja, wanaochimba handaki kwa zamu, wanaochokana.

Naomba muwafuatilie wawili kati ya mateka hao, Maréchal na Rosenthal. Wametoroka, ni baridi kali, Rosenthal kaumia mguu. Wanagombana vibaya, Maréchal anamtukana kwa Uyahudi wake na kumwacha njiani. Rosenthal anabaki ameketi, anaimba kwa hasira. Maréchal, huku akienda zake, anajikuta anaimba wimbo ule ule. Kisha anarudi. Haombi msamaha, anamshika tu mkono waendelee. Kwangu mimi hakuna tukio la urafiki wa askari linaloipita hiyo, na lilirekodiwa wakati Ujerumani ikitawaliwa na Wanazi.

Viti havitoshi, mwenye cha ziada aje nacho. Mnaokuja mniandikie kabla ya Ijumaa.