Panya, chungwa na mgeni mwenye nguo nyekundu

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu visakale vya mjini, hadithi zile ambazo msimulizi hakuona mwenyewe bali aliyeona ni rafiki wa rafiki yake. Nawashukuru kwa kumtaja Bengt af Klintberg, Mswidi aliyezipa uzito hadithi hizo kiasi kwamba kwao hadithi ya namna hiyo huitwa klintbergare, kwa jina lake. Lakini kuna sentensi moja iliyonishikisha kalamu. Mwandishi wenu anasema kwamba Klintberg alicheza na sanaa za ajabu enzi za ujana, kisha akatulia akawa msomi. Sentensi hiyo imempasua mtu mmoja vipande viwili, na kile kipande kilichotupwa ndicho kinachonisaidia mimi kukielewa kilichobaki.

Tazameni miaka. Klintberg alizaliwa 1938. Matukio yake 25 ya Machungwa, yaani maelekezo mafupi ya sanaa ya kutendwa kwa machungwa, aliyaandika kati ya 1963 na 1965. Kitabu chake cha maneno ya uganga ya Kiswidi, Svenska trollformler, kilitoka 1965 hiyohiyo. Tukio la Karamu, ambalo nitalirudia, ni la 1967, na ualimu wake wa Chuo Kikuu cha Stockholm ulianza miaka hiyohiyo. Sasa huko kutulia kulitokea lini? Na mwaka 2006, akiwa anaelekea miaka 70, alitoa kitabu kizima kuhusu Fluxus ya Uswidi. Mtu hakiandikii kitabu kitu alichokwisha kukiaga.

Kwa wasomaji ambao Fluxus ni jina geni: ilikuwa jamii ya wasanii wa nchi nyingi, iliyokusanywa na George Maciunas, mzaliwa wa Lithuania aliyeishi Marekani, na tamasha lake la kwanza kubwa lilifanyika Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1962. Walikuwamo Nam June Paik, Alison Knowles, Dick Higgins, George Brecht, na Klintberg mwenyewe. Kazi zao nyingi hazikuwa picha wala sanamu. Zilikuwa maelekezo, mara nyingi mistari miwili mitatu kwenye kipande cha karatasi. Knowles aliandika: tengeneza saladi. Brecht aliagiza maji yadondoke chomboni. Yeyote aliyeyapata maelekezo aliweza kuyatenda, popote, wala hakuna utendaji uliohesabiwa kuwa ndio asili na mwingine nakala.

Mimi nimefundisha fasihi simulizi kwa muda mrefu, na nilipoyasoma maelekezo haya kwa mara ya kwanza nilihisi nimekutana na ndugu. Maana maneno ya uganga nayo yamekaa hivyohivyo. Kuna maneno ya kale ya Kiswidi ya kuzuia damu, yanayoiamuru damu isimame kama maji yalivyosimama katika mto Yordani. Ni mafupi, hayana mtunzi anayejulikana, na karatasini ni maiti. Mpaka apatikane mtu mwenye jeraha na mtu wa kuyatamka, na mahali penyewe, na pengine sharti la kutozungumza na yeyote njiani. Klintberg alikuwa anayakusanya maneno ya namna hiyo mchana, na usiku (nasema usiku kwa kukisia tu, pengine ilikuwa asubuhi) anaandika maelekezo yake ya machungwa. Siwezi kuamini kwamba mkono mmoja haukujua mwenzake unafanya nini.

Tukio la Machungwa namba 8 linasema: kula chungwa kana kwamba ni tofaa. Niliwahi kulipeleka darasani bila kutaja jina la mtu wala nchi. Nilimpa kila mwanafunzi chungwa moja na sentensi hiyo. Kwa muda hakuna aliyeuma. Kisha msichana wa mstari wa mbele akalishika kwa vidole vitatu, akafumba macho, akang'ata. Ganda lilitoa mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia ukitoka kwenye chungwa, mzito, kama ngozi inayochanika. Mafuta ya ganda yalimrukia shavuni, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na uchungu ulipomfika ulimini alikunja uso lakini hakutema. Alitafuna. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama mtu anayekula tunda, jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona maelfu ya mara, na hakuna aliyeweza kutazama pengine. Baadaye akasema maneno ambayo nimeyahifadhi: "Mwalimu, sikujua kwamba siku zote nilikuwa nalimenya bila kuwapo."

Lakini kisa hakikuishia hapo. Wiki kadhaa baadaye, mwenzangu mmoja wa idara nyingine alinieleza kwa masikitiko kwamba kuna mwalimu, katika chuo fulani, anayewaadhibu wanafunzi kwa kuwalisha machungwa na maganda yake, na kwamba mmoja alilazwa hospitali. Nani kamwambia? Shemeji yake, aliyeambiwa na jirani. Nilitaka kukanusha palepale, kisha nikanyamaza kidogo ili nisikilize jinsi hadithi ilivyokuwa imejipanga. Majina yalikuwa yameanguka. Adhabu ilikuwa imeingia, kwa sababu hadithi haikubali watu wale maganda bure. Hospitali ilikuwa imeongezwa mwishoni ili kuupa uzito. Tukio lilikuwa limegeuka kisakale mbele ya macho yangu, bila mtu yeyote kukusudia kusema uongo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu mmoja aweza kufanya kazi hizi mbili bila kubadili nguo. Katika zote mbili maneno machache hupita kutoka mtu hadi mtu, na kila anayeyapokea huyatia mwili wake.

Kuhusu kitabu chake kilichomfanya ajulikane, Råttan i pizzan, yaani Panya ndani ya piza, cha 1986, makala yenu imekitaja kama ghala la vichekesho. Hapo napinga kwa nguvu zote. Hadithi yenyewe ya panya ni hii: mtu anakula piza mgahawani, kitu kinamkwama kwenye meno, anakwenda kwa daktari wa meno, na daktari anachokoa na kuona ni mabaki ya panya. Wasikilizaji hutetemeka, na wengine hucheka. Lakini tujiulize ni mgahawa wa nani. Piza ilikuwa chakula kigeni Uswidi, na wengi waliofungua migahawa hiyo walikuwa wahamiaji. Hadithi inamtuhumu mtu ambaye hayupo mezani, ambaye hataalikwa kujitetea, na ambaye asubuhi atashangaa kwa nini wateja wamepungua. Klintberg alilisema hilo wazi: hadithi kama hizi hubeba hofu ya wageni, na huibeba kwa urahisi kwa sababu anayeisimulia anaamini anatahadharisha tu.

Na sasa Tukio la Karamu. Maelekezo yake ni haya: watumie marafiki zako wote, isipokuwa mmoja, mwaliko unaosema karamu ya kijani, nguo za kijani. Yule mmoja mtumie unaosema karamu nyekundu, nguo nyekundu. Basi.

Nimelifikiria tukio hili kwa miaka. Namwona mgeni yule mlangoni, mkono bado kwenye kitasa, kajitahidi, katafuta hata soksi nyekundu, na chumba kizima cha kijani kinamgeukia kwa pamoja. Hakuna kosa alilofanya. Ametii mwaliko kama wengine walivyotii wao. Walichonacho wenzake ambacho yeye hana ni kwamba wao wamesikia neno moja na yeye kasikia lingine. Huyo ndiye mwenye mgahawa wa piza. Yaliyoandikwa 1967 kama mwaliko wa karamu na yaliyochapishwa 1986 kama uchunguzi wa visakale yanamweka mtu yuleyule mlangoni, na naona aliyeyaandika alikuwa anamtazama mtu huyo muda wote. Sijui msomi mwingine wa fani hii ambaye kwanza alikijenga chumba hicho kwa maneno ishirini, ndipo baadaye akakieleza kwa kurasa.

Jambo dogo la mwisho. Kuanzia miaka ya 1990 Klintberg pamoja na Christina Mattsson walikuwa na kipindi cha redio ya Uswidi kiitwacho Folkminnen, ambamo walijibu maswali ya wasikilizaji kuhusu mila na masimulizi. Yaani hata redioni kazi haikukamilika mpaka mtu asiyejulikana achangie upande wake.

Ombi langu ni jepesi. Mtakapoirudia mada hii, chapeni hadithi ya panya upande mmoja wa ukurasa na maelekezo ya karamu upande wa pili, bila kuweka neno lenu katikati. Nafasi haitawapungukia, yote mawili hayazidi mistari kumi.

Wako,
Mwalimu wa fasihi simulizi