Barua ya Wazi kwa Afisa Mtendaji Mkuu wa Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya

Kwako Afisa Mtendaji Mkuu,

Nakuandikia kuhusu Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa 1962 Mwingereza akiwa bado anatutawala. Sheria hiyo inamtaka anayeomba leseni ya kurekodi aambatishe maelezo kamili ya maonyesho yote, pamoja na maneno yote yatakayosemwa.

Sasa niambie, anayetengeneza filamu ya hali halisi atafanyaje? Chukua mama aliyepoteza mwanawe kwa risasi ya polisi. Kamera imewekwa sebuleni, yeye ameshika kitambulisho cha marehemu, anakigeuzageuza. Anaanza na shule aliyosomea kijana, ananyamaza, halafu anarukia mlango wa mochari. Hata mwenyewe hakujua angesema hayo. Kuyadai maneno yake kwenye karatasi mapema ni kumtaka ama aigize uchungu wake au asihojiwe kabisa.

Tazama Softie, filamu ya hali halisi ya Sam Soko, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi akiwania ubunge wa Starehe mwaka 2017. Watu wanamwomba pesa, anakataa kuwahonga. Vitisho vinazidi hadi mkewe, Njeri, anaondoka na watoto kwenda Marekani. Nani angeweza kuyaandika hayo kabla hayajatokea?

Pengine utasema ofisi yako hutumia busara. Mimi naiogopa zaidi sheria inayolala kabatini ikingoja siku mkubwa atakapokasirika. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi, wakihusishwa na makala ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa Bungeni tarehe 25 Juni 2024. Waliachiliwa bila kushtakiwa, na BBC ilisema hawakushiriki katika makala hiyo. Sisemi bodi yako ndiyo iliyowakamata. Nasema hali ikiwa hivyo, swali la "leseni yenu iko wapi?" linatosha kumzima kijana mwenye kamera ya kuazima.

Sipingi uainishaji. Mtoto wa miaka minane hafai kuonyeshwa maiti barabarani, na wazazi tunawategemea mtuonye. Lakini kumwambia mzazi filamu inamfaa mtoto wa umri gani ni kazi moja, na kuamua raia mzima asione nini ni nyingine kabisa. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Mipaka yake imetajwa: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki. Kumwonyesha askari akifyatua risasi hakumo, wala kuiaibisha serikali.

Ninachokuomba ni hiki: pendekeza kwa Waziri na Bunge sharti hilo lifutwe kwa filamu za hali halisi. Wakati tukingoja, toa waraka ulio wazi, wenye sahihi yako, kwamba bodi haitadai maneno ya mtu ambaye bado hajahojiwa. Waraka huo ubandikwe kwenye tovuti yenu na nakala ifike kila kituo cha polisi, maana huko ndiko vijana wetu hupelekwa na kamera zao.

Wako,
Mwandaaji wa maonyesho ya filamu mtaani, Nairobi