Barua kwa mwanangu anayekwenda Kyela

Kibosho, Moshi
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia ukiwa umelala chumba cha pili, kwa sababu kesho alfajiri stendi itajaa watu, na sijawahi kuwa hodari wa kusema jambo zito mbele za watu. Barua hii nitaiweka ndani ya mkoba mdogo utakaobeba insulini, kwa kuwa najua mkoba huo huwezi kuuacha mbali nawe. Nakuomba sana usikubali kondakta auweke kwenye buti ya basi, hata akikuhakikishia kwamba ni salama, kwa kuwa kule chini joto ni kali na mizigo hukandamizana.

Jana, wewe na mama yako mlipokuwa Mbuyuni kununua chandarua na ndoo, niliinua godoro lako ili nilifunge kwa ajili ya safari. Juu ya chaga nilikuta karatasi saba za chokoleti. Kila moja ilikuwa imenyooshwa kwa ukucha mpaka upande wake wa fedha haukubaki na kunyanzi hata moja, kisha imekunjwa mara nne na kupangwa juu ya nyingine kama leso zilizopigwa pasi. Maandishi yake ni ya Kijerumani na Kifaransa, kwa hiyo nilitambua kwamba zililetwa na kaka yako, ambaye hupewa na wageni wanapoagana na wapagazi langoni Mweka, wakishuka Mlima Kilimanjaro. Nilikaa pale kwenye chaga kwa muda mrefu. Chokoleti yenyewe haikunitisha kama mahali nilipoikuta.

Usiku ule wa mwezi Machi unaujua, nami sitausimulia. Ila tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza sukari yako ya damu ilishukaje hadi 2.1, chini mno, ilhali ulikula wali na maharage nikikuona. Nilimlaumu mama yako kwamba alikupakulia kidogo, na kule kliniki nilimsemea maneno makali muuguzi aliyetubadilishia dozi. Jana, nikiwa nimezishika zile karatasi, hesabu ikajipanga yenyewe. Ulikula kwa siri bila kuchoma sindano, kwa sababu ungechoma ningekuuliza sindano hiyo ni ya nini. Baadaye ulipima ukaona sukari imepanda, ukachoma. Mafuta yaliyomo kwenye chokoleti huichelewesha sukari yake kuingia kwenye damu, kwa hiyo ulipopima tena ilikuwa bado inapanda, nawe ukachoma mara ya pili wakati dozi ya kwanza haijamaliza kazi yake. Kisha ukazima taa ukalala. Nieleze kama nimekosea. Mama yako nimeshamwomba radhi, na yule muuguzi nitamfuata Jumatano.

Kwa hiyo jambo ninalokuomba ni moja, nami nitalirudia hata likuchoshe: usile kwa kujificha. Kula chokoleti, mwanangu, lakini kula mezani, mchana, ukiwa umeipima na umeijumlisha kwenye dozi yako, na aliye karibu nawe akijua. Kule Kyela hatakuwepo baba wa kusikia kitanda kikitikisika usiku. Atakuwepo mwalimu mwenzako ambaye hakufahamu, naye asipojua kwamba una kisukari atadhani umelala usingizi mzito kwa uchovu wa safari.

Kwa miaka 22 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, nikipima kahawa ya watu. Mkulima hata awe na sifa mbaya kiasi gani, sikuwahi kuikataa kahawa yake kabla ya gunia kupanda kwenye mizani. Chokoleti yako niliihukumu bila kuipima, tena mbele ya wageni, siku ya kipaimara cha kaka yako. Mkono wako ulivyobaki wazi siku ile ninauona mpaka leo.

Jana jioni, basi, nilimwita kaka yako tukakaa mezani na karatasi zako pamoja na ile mizani ndogo ya jikoni, tukazisoma. Herufi hatukuzielewa zote, lakini tarakimu hazina lugha. Ile ya maziwa ina gramu 56 za sukari katika kila gramu 100, maana yake zaidi ya nusu ya kile unachotafuna ni sukari tupu. Ile nyeusi, yenye kakao asilimia 70, ina gramu 29. Kaka yako alikuwa amebakiwa na nusu ya chokoleti nyeusi, tukavunja vipande viwili na kuviweka kwenye mizani, ikasoma gramu 20. Hapo tukapiga hesabu: gramu 20 za ile nyeusi zina kama gramu 7 za wanga kwa jumla, na uzito huohuo wa ile ya maziwa una kama gramu 11. Daktari alikuandikia uniti moja ya insulini kwa gramu 10 za wanga. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu, kwa kuwa nilikuwa nimeishi miaka minane nikiamini kwamba kipande kimoja kinatosha kukulaza hospitalini.

Halafu nikakumbuka ndizi mbivu. Ndizi moja ya kadiri ina takribani gramu 25 za wanga, na kila ulipotoka shule nilikuwa nakupa mbili, nikifurahi moyoni kwamba mwanangu anakula cha shambani badala ya pipi za dukani. Kaka yako alinyamaza nilipomwambia hivyo, nami nikamwagiza akaweke chai jikoni.

Usielewe kwamba nakufungulia mlango ule chokoleti nzima kila siku. Ile ya maziwa ya gramu 100, ukiimaliza kwa mkao mmoja kama nilivyoona karatasi mbili zinavyoonyesha, ni wanga mwingi kwa mara moja, na mafuta yake yatakusumbua kwa saa nyingi. Vipande viwili vya ile nyeusi baada ya chakula cha mchana, ukiviingiza kwenye hesabu ya sindano ya chakula hicho, ndicho kipimo ambacho daktari mwenyewe alikiafiki nilipompigia simu leo baada ya ibada. Alisisitiza usiile chokoleti peke yake tumbo likiwa tupu, na usiile unapokaribia kulala. Alisema pia kwamba ukiona imepanda saa moja au mbili baadaye, uvumilie, usirundike sindano juu ya sindano.

Karatasi moja ilikuwa ya ile chokoleti wanayoandika kwamba haikuongezwa sukari. Hiyo usiihesabu kuwa ni bure. Mara nyingi hutiwa maltitoli, kitu kitamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo hupandisha sukari polepole kuliko sukari ya kawaida lakini huipandisha, na ukiizidisha tumbo huharisha. Nadhani sasa nimeelewa ile Jumatatu uliyokosa mtihani wa majaribio.

Jambo la pili linalofanana na hilo, maana nimekusikia ukimwambia binamu yako kwamba chokoleti unaitunza kwa ajili ya sukari ikishuka. Hapana, mama. Kwa kazi hiyo chokoleti haifai, kwa sababu ileile ya mafuta: unahitaji sukari iingie kwenye damu sasa hivi, nayo itakuja imechelewa. Ikishuka chini ya 4, tumia glukosi gramu 15, au vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, usubiri dakika 15, upime tena. Ikishapanda ndipo ule chakula. Nimekuwekea pakiti nne za glukosi: mbili kwenye mkoba, moja utaiweka kwenye droo ya meza yako ya shuleni, na moja umpe huyo mwenzako wa nyumba siku ileile utakayofika, kabla hata hujafungua sanduku, umwonyeshe namna ya kuitumia. Umwambie pia kwamba ukiwa huwezi kumeza asikutie kitu mdomoni, bali akuwahishe hospitali.

Kuna habari niliyoisoma zamani kwenye kijitabu cha kliniki, nami sikuitafakari mpaka jana. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, na Frederick Banting akiwa na Charles Best, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana aliyeitwa Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, umri uliokuwa nao wewe tulipokupeleka hospitali. Kabla ya hapo madaktari hawakuwa na njia ila kumnyima mtoto chakula, hasa cha wanga, wampunguzie mpaka akonde abaki mifupa, ili aishi miezi michache zaidi. Wazazi wale walifanya hivyo kwa sababu hawakuwa na dawa. Mimi dawa ilikuwa kwenye jokofu langu.

Sasa Mungu amekupangia kazi kulekule kakao inakolimwa, nami nimelifikiria sana jambo hilo. Kakao nyingi ya nchi yetu hutoka Kyela, na wanafunzi wako wengi watakuwa watoto wa wakulima wake. Wanasema tunda lake likipasuliwa, mbegu zimezungukwa na nyama nyeupe laini ambayo watu huifyonza kwa utamu wake, kama sisi tulivyokuwa tukifyonza kahawa mbivu shambani tukiwa watoto. Ukikaribishwa, onja, lakini ujue hiyo nayo ni sukari. Mbegu yenyewe ni chungu. Huvundikwa kwa siku tano hadi saba, mara nyingine kwa kufunikwa na majani ya mgomba, kisha huanikwa juani, na kote huko haina utamu wowote; sukari hutiwa kiwandani. Natamani uende ukaione, unielezee kwa barua jinsi inavyonukia ikiwa inavundikwa, maana kahawa ikilowekwa harufu yake naijua na ningependa kulinganisha.

Kyela kuna joto, si kama hapa ambapo mama yako hulala na blanketi mbili. Chupa ya insulini ambayo hujaifungua ikae kwenye jokofu, isigande. Uliyoifungua inaweza kukaa nje kwa takribani wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na umeme ukikatika itie kwenye mfuko wa plastiki, uuweke ndani ya chungu kidogo cha udongo, nacho ukiweke ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa, mahali penye upepo na kivuli. Ile chokoleti yako nyeusi iweke juu ya meza hiyohiyo chumbani. Siku utakayoiona imelegea na kushika alama ya kidole, ujue insulini iliyo nje nayo iko kwenye joto baya, uihamishe. Hiyo nimeifikiria mwenyewe, na daktari alicheka lakini hakuipinga.

Najivunia wewe, nami sikumbuki kama nimewahi kukuambia. Daftari lako la vipimo, lenye safu tatu kwa kila siku tangu kidato cha kwanza, nimelionyesha kwa watu ambao hawakuomba kuliona. Lakini ndiyo sababu nimeumia, kwa kuwa sasa najua kuna siku ambazo namba ziliandikwa ili zinipendeze mimi. Tarehe 9 Machi umeandika 7.2 usiku. Usiandike tena namba ya kumpendeza mtu. Andika 15 kama ni 15, na pembeni uandike chokoleti, gramu ngapi, saa ngapi, ili daktari wa huko aone kilichotokea.

Mizani ya jikoni nimeifunga ndani ya kanga ya mama yako ya bluu, pamoja na betri za akiba, kwa hiyo usishangae ukiikuta. Mama yako atapimia unga kwa kopo kama zamani. Mguu wake unaendelea vizuri, hata amesema ataanza kwenda kukata majani ya ng'ombe mwenyewe wiki ijayo, jambo ambalo nimelikataa. Ada ya mdogo wako imebaki robo, na ndama akiuzwa itakwisha, kwa hiyo mshahara wako wa kwanza usitume nyumbani. Nunua vijiti vya kupimia vya kutosha miezi miwili, kwa sababu sina hakika kama maduka ya dawa ya huko huwa navyo wakati wote. Jokofu letu limeanza tena kuvuja maji chini, na fundi ameahidi kuja Jumanne.

Kaka yako anapanda mlima tena tarehe 20 na kundi la wageni wanane. Nimemwambia chokoleti yoyote atakayopewa ailete kwangu, tuisome karatasi yake, tuiandike gramu kwa kalamu ya wino, kisha nitakutumia kwa basi pamoja na kahawa ya kusaga. Ikifika, nipigie simu unapoila, hata kama nipo shambani.

Baba yako