Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzangu,
Assalaam alaykum.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi chini ya mwembe huu. Klabu yetu ina wanachama 11. Tuna fidla 4, akodiani 1, dumbaki 2, na selo 1, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, iliyobakiwa na nyuzi 2 kati ya 4. Tulipoandika ubaoni "Okestra ya Skuli", wenzetu walicheka: okestra gani ya watu 11? Kwa ruhusa yako, tutawajibu leo mbele yako.

Mwaka 1761 Joseph Haydn, mtunzi wa muziki wa Austria, aliajiriwa na ukoo wa Esterházy, mabwana wakubwa wa Hungaria. Kundi alilolikuta lilikuwa na wapigaji 15 hivi: fidla, besi, pembe za shaba, na obo, ambayo ni jamaa ya nzumari yetu. Walihesabiwa kuwa watumishi wa nyumba. Mkataba ulimtaka Haydn na wenzake wavae sare na soksi nyeupe, na yeye mwenyewe ahudhurie kila siku, kabla na baada ya adhuhuri, kuuliza kama bwana anataka muziki. Sisi tunaonung'unikia sare ya skuli, tulipofika hapo tulinyamaza.

Bwana aliyefuata katika ukoo huo, Nikolaus, alikuwa na jumba la kiangazi, Eszterháza, mbali na mji, na wapigaji wengi hawakuruhusiwa kwenda huko na wake zao. Mwaka 1772 akakawia kurudi. Wapigaji wakamlilia Haydn, na Haydn hakuandika barua, aliandika simfonia, yaani utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa. Katika sehemu yake ya mwisho muziki unatulia, kisha mpigaji mmoja anamaliza zamu yake, anazima mshumaa, anachukua ala yake na kutoka. Anafuata mwingine, na mwingine, mpaka wanabaki wapiga fidla wawili. Inasimuliwa kwamba bwana alielewa, na kesho yake safari ya kurudi ikaanza. Sisi tunaona ile ilikuwa risala, tena isiyo na neno hata moja.

Okestra ilinenepa pale muziki ulipotoka kwa bwana mmoja ukaenda kwa wenye tiketi. Huko Leipzig, tangu mwaka 1781, ukumbi wa muziki ulikuwa ndani ya jengo la wafanyabiashara wa nguo. Haydn naye alikwenda London mwaka 1791, na kufikia mwaka 1795 alikuwa na wapigaji karibu 60. Ukumbi ukiwa mkubwa, fidla 6 hazimfikii aliyekaa nyuma, naye amelipa.

Zikaja na ala mpya. Mwaka 1808 mtunzi Beethoven aliingiza tromboni, ala za shaba zenye bomba la kuvuta, katika simfonia yake ya tano, akazificha mpaka sehemu ya mwisho, na anayeisikia kwa mara ya kwanza hushtuka kweli. Kabla ya hapo tromboni zilizoeleka zaidi kanisani na kwenye opera. Pembe za zamani zilitoa sauti chache tu, mpaka mafundi wa Ujerumani walipozitia vali, vibonyezo vinavyobadili njia ya pumzi, uvumbuzi uliosajiliwa Berlin mwaka 1818. Tangu hapo ala za shaba ziliweza kupiga sauti zote, na fidla zikalazimika kuongezwa ili zisizamishwe.

Watu wakishakuwa wengi, nani aangaliwe? Zamani mpiga fidla wa kwanza aliongoza kwa upinde wake. Huko Ufaransa, mtunzi Lully alikuwa akigonga sakafu kwa fimbo ndefu. Mwaka 1687 akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa. Katika karne ya 19 viongozi wengi walishika kijiti chepesi. Mwalimu wetu anatumia penseli, na hajaumia.

Mwaka 1910, huko Munich, mtunzi Mahler alikusanya watu zaidi ya 1,000 kwa simfonia yake ya nane, waimbaji na watoto wakiwemo. Kwa maoni yangu mimi msomaji, hapo walizidisha. Lakini pamoja na wingi wote huo, okestra maarufu ya Vienna Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, haikumpa mwanamke uanachama kamili mpaka mwaka 1997. Klabu yetu ina wasichana 7, Vienna wangetukosa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mambo haya si ya ng'ambo peke yake. Hapa Zanzibar Nadi Ikhwan Safaa ilianza mwaka 1905, na safu za fidla, selo na besi za taarab tulizipata kwa mtindo wa Misri, zikakaa na kanuni na udi kama ndugu. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda alianzisha okestra ya simfonia ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, ikiwa na fidla chache: mmoja akimaliza kupiga, anampokeza mwenzake. Sisi pia tunapokezana.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba nyuzi za selo. Tunaomba chumba baada ya saa 10 alasiri, kwani sasa tunafanya mazoezi katika stoo ya viti, na kila penye kikao viti vinatoka na sisi tunatoka. Na ikiwezekana, tunaomba mzee mmoja wa taarab aje mara moja kwa wiki atufundishe kushika upinde.

Baada ya risala hii tutapiga wimbo tulioupanga kwa mtindo ule wa mwaka 1772. Mishumaa hatuna, na ni mchana. Ukituona tunainuka mmoja mmoja na kuondoka, usidhani tumekosana. Atakayebaki mwisho ni mpiga selo, na nyuzi zake 2.

Naomba kuwasilisha.